Saa Tatu Kwenda, Saa Kumi na Tatu Kurudi

3 Februari

Mama,

Shikamoo. Nyumbani sote wazima isipokuwa mimi, na ugonjwa wangu umeuleta wewe kwa simu ya Jumapili.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu siwezi kusema. Bibi hukaa karibu yangu, sikio lake limebanwa upande wa pili wa simu, na kabla hujamaliza sentensi yeye ameshaijibu. Uliposema, "Muhula ukiisha unakuja kukaa na mimi, tiketi nimeshakata," Bibi alisema, "Haya, vizuri," akakohoa, akaenda kufagia chumba ambacho nilikuwa nimekwisha kukifagia. Ukaniuliza, "Umefurahi?" Nikajibu, "Ndiyo, Mama." Nilidanganya. Hiyo ndiyo habari ya kwanza.

Habari ya pili ni kwamba siji.

Mama, hujui kazi ya Bibi inavyokwenda siku hizi. Zipu ya koti, ya begi, ya suruali, zote bado anazibadilisha kwa kupapasa tu, na mteja haoni tofauti. Lakini tundu la sindano halioni tena. Kwa hiyo kila asubuhi kabla sijaenda shule natia uzi sindano zake zote, nyeusi upande huu wa kimto cha kuchomekea, nyeupe upande ule, za kahawia katikati. Anazitumia moja baada ya nyingine hadi ninaporudi. Zikiisha mapema anakaa mlangoni amekunja mikono, anawaambia wateja kwamba anapumzika. Yeye ndiye aliyekuzaa, niambie: umewahi kumwona Bibi anapumzika?

Habari ya tatu ni kubwa kuliko zote. Jana nilipita kwenye ofisi ya tiketi iliyo karibu na posta. Wamebandika ratiba kwenye kioo. Ndege inaondoka huku saa nne asubuhi, inafika kwenu saa saba mchana. Hizo ni saa tatu. Halafu inaondoka kwenu saa tisa alasiri, inafika huku saa kumi alfajiri. Nimehesabu kwa vidole, kisha kwa kalamu. Ni saa kumi na tatu! Mama, hiyo ndege inarudi kwa miguu?

Sasa nimeelewa kwa nini hujarudi tangu nilipokuwa darasa la pili. Kwenda huko ni kuteleza, kurudi ni kupanda mlima. Mimi sitaki kwenda mahali pa namna hiyo.

Mwanao,
Swali

17 Februari

Swali wangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako nikacheka mpaka Mrefu, yule mwenzangu ninayekaa naye chumba, akaja kunigusa paji la uso kuona kama nina homa. Nilipomsomea ile ya ndege kurudi kwa miguu, naye akakaa chini.

Sikiliza nikueleze. Jua linaanza kwenu. Linawaamsha nyinyi kwanza, ndipo linakuja kwetu. Saa ya ukutani kwa Bibi ikisema saa saba mchana, ya kwetu inasema saa mbili asubuhi, mimi ndiyo kwanza nafunga aproni. Kwa hiyo ukiondoka kwenu saa nne asubuhi, unasafiri saa nane nzima, lakini ukishuka unakuta saa za huku ziko nyuma. Ukirudi ni kinyume chake. Ndege ni ile ile na mwendo ni ule ule. Ni saa nane, mwanangu. Ni usingizi wa usiku mmoja. Utakula, utalala, utaamka uko kwangu.

Na ndege hiyo naijua kuliko wanaoipanda. Ikishatua, blanketi za abiria zinaletwa kwetu kwenye magunia, zikiwa bado na joto la watu. Kazi yetu ni kufua, kukausha, kukunja na kuzifungia kwenye mifuko. Tunakuta mambo humo: soksi ya mtoto, miwani, juzi meno ya bandia, na siku hiyo hakuna aliyekula mchana. Mimi gunia la ndege ya kwenu nalifungua mwenyewe. Blanketi la kwanza nalinusa kabla halijaingia mashineni. Mrefu anasema nina wazimu. Labda.

Kitanda chako kipo, kiko upande wa dirisha. Shule iko ng'ambo ya barabara, naiona nikianika nguo. Bibi utamwona kila likizo, maana mtoto wa shule ana likizo. Mimi hapa sipewi, na ndege zenyewe hujaa. Kuhusu sindano, atapatikana mtu. Usinifanyie ukaidi. Mimi nimekaa bila wewe vya kutosha.

Mama yako

2 Machi

Mama,

Shikamoo tena. Asante kwa somo la saa. Nilimpelekea mwalimu wa jiografia, yule tunayemwita Ikweta kwa sababu mkanda wake unapita katikati kabisa ya mduara. Nilimwambia kwamba nilidhani ndege inarudi kwa miguu. Alicheka mpaka mkanda ukahama kutoka kwenye nyuzi sifuri. Kisha akasema, "Swali, jumlisha saa tatu na saa kumi na tatu, gawanya kwa mbili." Nikapata nane. Kumbe hukunidanganya kwa hilo.

Akanipa tufe la dunia kutoka kabatini, lile lililovunjika mguu, tunalishikilia kwa magoti. Nilichukua uzi wa Bibi nikauvuta kutoka mji wetu hadi mji wenu, kisha tukaupima. Ni kilomita elfu sita na mia nne hivi, lakini juu ya tufe ulikuwa mfupi kuliko kiganja changu. Halafu nikafanya jambo ambalo darasa zima lililiona la kijinga. Nikaupima tena kuanzia kwenu kuja kwetu.

"We Swali, si ni uzi huo huo!"

Nikasema, "Ndiyo. Ndicho nilichotaka kuhakikisha."

Mama, umbali wa mimi kuja kwako ni sawasawa na umbali wa wewe kuja kwangu. Haupungui kwa sababu mimi ni mdogo. Unasema ni usingizi wa usiku mmoja tu. Kama ni hivyo, kwa nini hujalala usingizi huo hata mara moja miaka yote hii? Babu alifariki, hukuja. Nilifaulu, hukuja. Niliugua, ukatuma fulana.

Na hili la ndege kujaa nimelifuatilia. Nilimwuliza dada wa ofisi ya tiketi. Akasema, "Hiyo ndege, mdogo wangu? Wiki iliyopita watu walijinyoosha kwenye viti vitatu vitatu kama wako kwao."

Kwa hiyo nakuambia kwa heshima zote, na nimeandika sentensi hii mara nne ili isiwe na ukali: njoo unichukue mwenyewe. Ukishuka kwenye ndege hiyo, ukaingia mlangoni kwa Bibi, ukakaa naye, ukaona anavyofanya kazi, halafu bado useme niondoke, nitabeba begi langu bila neno. Usipokuja, sipandi.

Mwanao anayekupenda,
Swali

15 Machi

Wewe mtoto,

Mimi ni mama yako, si mwenzako wa darasani. Hunipi masharti.

Likizo nimeshakuambia sipewi. Ndege kama zimejaa au hazijajaa si kazi yako kwenda kuuliza ofisini kama polisi. Tiketi ni ya tarehe 13 Mei. Kuna mhudumu wa ndege tunafahamiana naye kazini, atakupokea mlangoni, atakukalisha, atakukabidhi kwangu. Watoto wadogo kuliko wewe wanasafiri peke yao kila wiki.

Mwambie Bibi nitapiga Jumapili.

Mama

29 Machi

Mwanangu,

Hii ni barua yangu mimi mama yako. Mkono ni wa mjukuu wangu. Nimemwagiza aandike kila neno nitakalosema, asipunguze wala asiongeze. (Nimekubali kutopunguza. Swali.)

Kwanza, mimi si mgonjwa, na mimi si mzigo wa mtu. Nilianza kubadilisha zipu wewe hujaota jino. Macho yamechoka lakini vidole havijachoka. Mtoto akija kwako, uzi nitatiliwa na fundi simu wa mlango wa pili, kijana anaona skrubu ambazo hata nzi hazioni. (Alijaribu Jumamosi. Alijichoma kidole, akaona damu, ikabidi tumpe kiti.) Umeandika nini hapo? Mbona mrefu hivyo? (Nimemwambia ni nukta.)

Pili, mtoto amekuandikia jeuri. Najua, kwa sababu anaandika huku anajisomea kwa sauti kama redio. Nimemkanya. Nimemwambia mama hapewi masharti. Lakini mwanangu, nimekaa nikaitafuta sehemu aliyokosea kwenye hesabu yake, sijaiona. Wewe umeiona?

Mimi nilikubali umchukue kwa sababu mtoto ni wako, na kila Jumapili ukikata simu nakusikia pua imeziba. Sikukubali kwa sababu nimemchoka. Aandike hilo mara mbili. Sikukubali kwa sababu nimemchoka.

Tatu, ile shida yako ya mlango wa ndege. Ile siku ya msiba wa baba yako, ulipofika mlangoni miguu ikagoma na wakakurudisha kwa kiti cha magurudumu kama mgonjwa. Nataka ujue nimeitunza kifuani kama ulivyoniomba. Mtoto sijamwambia wala sitamwambia.

(Hapa niliacha kuandika. Bibi akauliza, "Mbona kalamu imenyamaza?" Nikasema, "Bibi, mtoto mwenyewe ndiye mimi." Alipapasa karatasi kwa kidole. Halafu akasema, "Basi futa." Nikasema, "Uliniambia nisipunguze." Akasema, "Ee Mungu wangu, na uzee wangu huu." Kisha akaanza kucheka, na mimi nikacheka, kisha hatukucheka tena. Akasema, "Iache. Imeshatoka, na itembee.")

Basi ndiyo hiyo. Tujibu.

Mama yako,
na mwandishi wake

12 Aprili

Swali,

Kwa hiyo unajua. Sawa. Nitakuambia yote mara moja, halafu tusiwe watu wa kulirudia kila Jumapili.

Nilipokuja huku mara ya kwanza, katikati ya safari ndege ilishuka ghafla kama ndoo iliyokatika kamba. Ilishuka, ikashika, ikashuka tena. Wengine walipiga kelele, mimi sikupiga. Nilimshika mkono mzee mmoja nisiyemjua, na sikumwachia mpaka tulipotua. Masikini alikuwa akiniomba ruhusa ajikune. Nilishuka nikiwa nimeamua kwamba jambo hilo limekwisha. Halikwisha. Lilikuwa linanisubiri.

Babu yako alipofariki nilikata tiketi siku hiyo hiyo. Nilipita ukaguzi, nikapita ile njia ndefu kama bomba, nikafika mlangoni. Mguu wa kulia ukavuka. Wa kushoto ukakataa. Niliuambia kwa maneno mazuri, nikautukana, ukakataa. Sikumzika baba yangu. Kesho yake nilikuwa kazini nafua blanketi za ndege ile ile, na wenzangu walidhani nimerudi mapema kwa sababu ya bidii.

Likizo ninayo. Ninazo nyingi, msimamizi ananiuliza kila mwaka kwa nini siendi kwetu. Namwambia kwetu ni mbali.

Sikuombi unionee huruma. Pia sikuombi msamaha, kwa sababu sikumwibia mtu kitu. Nilitaka uje huku kwa kuwa mimi siwezi kuja huko, na sikuwa tayari kukulea kwa simu mpaka uwe mtu mzima. Nikasema, acha apande sasa angali haogopi kitu, kabla mguu wake haujajua kukataa.

Tiketi yako iko pale pale, tarehe 13 Mei. Usipopanda sitamtuma mtu akuburute. Lakini ukipanda, jua unakuja kukaa. Sitakuficha hilo.

Mama

26 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara moja tu kama ulivyotaka, ingawa ile sehemu ya mguu wa kushoto nimeisoma tena.

Nitapanda. Usifurahi haraka. Siji kukaa. Nakuja kukuchukua.

Nimelifikiria hivi. Mara ya kwanza ulikuwa peke yako. Mara ya pili ulikuwa peke yako na una msiba. Hujawahi kujaribu ukiwa na mtu wako. Mimi ni mtu wako. Tiketi yangu ina safari ya kurudi kwa ile likizo ya kumwona Bibi, na dada wa ofisini amesema tarehe inabadilishwa, kwa hiyo wewe kata yako, kiti cha kando yangu, tarehe 8 Juni. Shule inafunguliwa siku chache baadaye na Ikweta hapendi wachelewaji.

Najua unaweza kunizuia nikishafika. Wewe ni mkubwa, pasipoti utaishika wewe, na huko sina Bibi wa kunitetea. Naliogopa hilo. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Lakini kama nikikaa hapa kwa kuogopa mlango wako, nitakuwa nimefanana na kile ninachokulaumu. Kwa hiyo nakuja, macho wazi.

Bibi anasema mimi ni mkaidi kama wewe, na wewe ni mkaidi kama yeye, na yeye hajui alikoipata.

Fundi simu sasa anatia uzi vizuri, ila anautia mrefu mno kama anafunga ng'ombe. Nimempa wiki mbili arekebishe.

Mwanao,
Swali

20 Mei

Bibi,

Shikamoo. Fundi simu, shikamoo pia. Msomee Bibi polepole, na usiongeze maneno yako.

Nilifika. Ndege inapokimbia kabla ya kuruka inafanya kelele kana kwamba imekasirishwa, na mimi nilishika kiti kwa mikono yote miwili, nikakumbuka yule mzee wa watu. Kando yangu hakukuwa na mtu wa kumshika. Ilipofika juu ikatulia, nikala. Saa yangu sikuibadilisha, iliendelea kuwa ya kwenu, kwa hiyo nilijua kila wakati wewe unafanya nini.

Mama alikuwa amesimama mbele kabisa pale wanapopokelewa watu. Ni mfupi, Bibi! Kwenye kumbukumbu yangu alikuwa mrefu. Alinikumbatia mpaka begi likaanguka. Akanusa kichwa changu. Na mimi sikuuliza swali hata moja, fikiria.

Lakini chumbani, juu ya kile kitanda cha dirishani, nilikuta sare ya shule. Mpya, imepigwa pasi, ina zipu mgongoni. Nikaitazama. Mama akaitazama.

"Jaribu tuone," akasema.

"Hapana, Mama."

"Nimekushonea kwa kipimo cha kukadiria. Jaribu tu."

"Zipu imeshonwa vizuri," nikasema, kwa sababu ni kweli. Kisha nikaikunja, nikaiweka kabatini. Sikulia mbele yake.

Mrefu yuko upande wangu, ila anajificha. Siku ya pili alipanga viti vitatu katikati ya chumba, akamkalisha Mama cha katikati, akafunga mlango, akajifunga kitambaa shingoni kama mhudumu. "Abiria mpendwa, tunaondoka. Anayetaka kushuka ashuke sasa, bado tuko sakafuni." Mama alicheka mwanzoni. Halafu Mrefu akaanza kutikisa kiti, na Mama akasimama, uso umebadilika. "Mnanifanya mtoto?" Akatoka nje. Mrefu akaniambia, "Nimekosea, ilikuwa mapema." Tukarudisha viti.

Tangu siku hiyo tunazungumza habari za sabuni na hali ya hewa. Mimi nakwenda naye kazini, nakunja blanketi, msimamizi anasema nakunja kona vizuri. Mama tiketi hajakata. Yangu ameifungia kwenye droo pamoja na pasipoti, na ufunguo anao shingoni. Nimemwambia nitamwomba kila siku, na kila siku namwomba. Jumatatu anataka nikaonane na mwalimu mkuu wa ile shule ya ng'ambo.

Nitakwenda, kwa adabu. Sare sitavaa.

Mjukuu wako,
Swali

8 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Swali amenipa karatasi na kalamu, amesema niandike ili mikono iwe na kazi. Kwa hiyo naandika, ukiona herufi zinaruka usinicheke. Barua hii nitakupa kwa mkono wangu.

Nikuambie ilivyokuwa. Jumatatu ile nilimpeleka shuleni akiwa na gauni lake la nyumbani. Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole, akamwambia, "Karibu, tumekuwekea dawati." Huyu mjukuu wako akasimama, akashika mikono nyuma, akasema, "Asante sana, mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Mimi ni mgeni, nimekuja kumchukua mama yangu. Tunaondoka tarehe nane." Mwalimu akanitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu. Nilitamani ipasuke.

Barabarani niliwaka. "Unaniaibisha mbele za watu? Nani amekuambia tunaondoka?"

"Nimeshamwahidi mwalimu mkuu," akasema. "Sasa tufanyeje?"

"Na nikifika mlangoni mguu ukakataa?"

Akasema, "Basi tutasimama wote. Ndege iende bila sisi wawili. Nitakosa shule, nitasimama na wewe, kisha tutajaribu inayofuata. Sitakuacha urudishwe kwa kiti cha magurudumu peke yako."

Mama, nilisimama pale kwenye kivuko, magari yananipigia honi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio chake. Nilijiandaa hata kwa chuki. Kwa hilo la kusimama na mimi sikuwa nimejiandaa. Nilivua ufunguo shingoni pale pale, nikampa.

Tiketi yangu nikakata, na ile shule nimewaambia hatakuja. Atasoma kwako mpaka amalize. Likizo moja atakuja yeye, nyingine nitakuja mimi. Na usiseme nimeshindwa na mtoto. Nimeshindana naye, ni tofauti. Likizo yangu ikiisha nitarudi kazini peke yangu, bila mtu wa kunishika, na nitapanda. Nimeandika hapa ili unishike kwa neno langu.

Leo mlangoni mguu wa kulia ukavuka. Wa kushoto ukakaa. Nilidhani atanivuta. Hakunivuta. Alisimama kando yangu, mguu wake mmoja ndani na mmoja nje kama wangu, watu wakatupita wakinung'unika na mabegi yao.

Mhudumu akauliza, "Mama, mnapanda au hampandi?"

Swali akajibu, "Tunapanda, dada. Tunasubiri mguu mmoja."

Yule dada hakucheka. Akasogea pembeni, akasema, "Haya, tuusubiri."

Wakausubiri, Mama. Watu wawili wamesimama wanausubiri mguu wangu kana kwamba ni mtu mkubwa anayechelewa. Nikauambia, "Umewaona?"

Sasa hivi Swali amelala, au anajifanya amelala ili nisimwone anavyonichungulia. Mkono wake uko chini ya wangu. Moyo unanipiga kama mashine ya kukausha iliyotiwa viatu. Sijapona, na sijaacha kuogopa hata chembe. Wameanza kutembeza maji. Mlango umefungwa, na mimi niko upande wa ndani.

Mwanao